Swali la Ndiyo

Ukimwona mwanamke wa makamo amebana kwapani furushi la vipande vya maboksi ya viatu, anakwenda mbiombio kuelekea mahakama ya watoto kama mtu aliyeacha chungu motoni, usimsimamishe kumsalimia. Huyo ni Mama Kadi, na amechelewa. Huchelewa kila siku, yeye ambaye kazi yake ni kuwafundisha wengine kuwahi, na ukimtania kwa hilo atakujibu kwamba mganga hajigangi. Jina la Mama Kadi alipewa ofisini kwa utani. Vijana wake walimwita Shangazi, na hilo ndilo aliloliitikia kwa moyo.

Kazi yake ilikuwa kuwaangalia vijana waliopewa kifungo cha nje, wale waliokosea, hakimu akawahurumia, akawaambia rudini makwenu lakini kila wiki mripoti. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani: meza nne, dirisha lisilofunga vizuri, na ukumbini benchi la kijani ambalo vijana walikuwa wamelikwangua majina yao mpaka rangi ikabaki pembeni tu. Chini ya ngazi palikuwa na stoo ya viti vya plastiki, makaratasi na kompyuta za ofisi.

Hakuanzia hapo. Alianza kama mpiga chapa wa mahakama, miaka kumi na mmoja, na sentensi moja aliipiga mara nyingi mpaka vidole vikaikariri: mshtakiwa amekaidi amri ya mahakama. Kijana aliambiwa aripoti, hakuripoti, basi kakaidi, apelekwe ndani. Vidole vinapiga, mawazo yako sokoni. Mpaka siku alipoletwa kijana mmoja aliyetakiwa kuripoti Alhamisi, naye akaja Ijumaa, shati limepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, uso unang'aa kwa furaha ya kuwahi. Hakimu aliposema huo ni ukaidi, kijana alimgeukia mtu aliyekuwa karibu naye, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani leo si Alhamisi?" Mtu huyo alikuwa mpiga chapa. Akaipiga ile sentensi yake kama kawaida, kisha akaenda chooni akalia.

Miaka miwili baadaye alikuja daktari wa watoto kutoa semina ya siku tatu. Wengi walihudhuria kwa sababu ya chakula cha mchana, na sioni haja ya kuwasitiri. Mama Kadi alihudhuria akasikiliza. Daktari alieleza kwamba mama akinywa pombe akiwa mjamzito, pombe ile humfikia mtoto tumboni, na ubongo wake unaweza kuumia kabla hajaliona jua. Mtoto huyo hukua, hucheka, huongea vizuri tu, wengi wao huwezi hata kuwajua kwa sura. Lakini siku na saa humponyoka. Jambo analolijua leo, kesho halijui, keshokutwa analijua tena, na watu wanasema anajifanya. Adhabu ya jana haimkumbushi kosa la leo. Na kubwa kuliko yote, hupenda kuwaridhisha watu. Ukimuuliza swali la kujibiwa ndiyo, atakujibu ndiyo, hata kama umemuuliza kama yeye ndiye aliyeiba mwezi. Wataalamu wana jina lake refu. Mama Kadi aliliita tu pombe ya tumboni, na siku ya tatu ya semina aliomba kuhamishwa kutoka kwenye kupiga chapa.

Ndipo zikaja kadi. Kaka yake alikuwa na duka la viatu, akampa maboksi matupu. Akayakata, akachora kwa kalamu ya wino mzito: jua linachomoza, mlango, basi, benchi la kijani, mkono unaopungia. Kijana akizipanga kadi zake ukutani anajua kwanza nini, halafu nini. Mama Kadi hakujua kuchora. Mbwa wake alifanana na mbuzi, na askari wake alionekana kama mtu aliyebeba sufuria kichwani. Vijana walimcheka mpaka machozi, naye aliwaacha, maana aliyecheka kadi hakuisahau.

Wa kwanza kumuunga mkono alikuwa Jirani. Meza zao ziligusana miaka kumi na miwili, wakaanza kuitana jirani kwa mzaha, likawa jina. Chupa ya chai ilikuwa moja. Jirani alipofiwa na mumewe, Mama Kadi alimwandikia taarifa zake zote kwa miezi miwili, na mkuu wa kituo hakujua. Mama Kadi alipopasuliwa tumbo, Jirani ndiye aliyemwogesha. Huo haukuwa urafiki wa kuombana chumvi. Na kwa kuwa Jirani alikuwa na mwandiko mzuri wa kupendeza, herufi zimesimama kama watoto wa shule mstarini, yeye ndiye aliyeandika lile bango lililokuwa juu ya mlango wa ofisi: USIMUULIZE KIJANA SWALI LA NDIYO. MWAMBIE AKUSIMULIE, KISHA NGOJA.

Sasa nije kwa huyu binti. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, mcheshi, mikono haitulii, na kila ulichomwambia alijibu "sawasawa," mpaka mtaa mzima ukamwita hivyo. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Aliyemlea ni bibi yake, mama mzaa mama, na bibi huyo hakuwa mtu wa kuficha maneno. "Mwanangu alikunywa mimba nzima," alimwambia Mama Kadi siku ya kwanza. "Nilikuwa namwona. Nikasema ni ya kwake, yatamwisha. Basi yakaja kumwishia huyu."

Kosa la Sawasawa lilikuwa hili. Vijana fulani walivunja duka la simu, wakampa mifuko miwili, wakamwambia, "Tusubiri hapa." Wao wakatoka kwa mlango wa nyuma wakatokomea. Yeye akakaa kwenye ngazi ya duka akawasubiri. Polisi walipofika aliwaamkia shikamoo, akasogea pembeni ili nao wapate pa kukaa.

Akapewa kifungo cha nje, akawa wa Mama Kadi. Kadi zake zilining'inizwa kwenye msumari karibu na mlango wa bibi. Kila Jumatano saa mbili asubuhi Mama Kadi alipiga simu, maneno yaleyale kila wiki, hageuzi hata moja: "Sawasawa, vaa viatu, chukua kadi, njoo kwa Shangazi." Miezi tisa binti hakukosa hata siku moja. Hakimu alimsifia mbele ya watu, na Mama Kadi, ambaye hajui kuringa, siku hiyo aliringa kidogo.

Halafu ikaja wiki ya jino. Jino la Mama Kadi lilimvimbisha shavu, akaomba ruhusa ya siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano. Mwishoni mwa wiki iliyotangulia, Jirani alikuwa na shughuli ya ukoo nyumbani kwake, akaazima viti arobaini vya ofisi bila kumwambia mtu. Ilikuwa marufuku, na kila mtu alikuwa ameshafanya. Ufunguo wa stoo ulikuwa na watu wawili tu, yeye na Mama Kadi. Wa kwake alimpa mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, akabebe viti na kuvirudisha. Viti vilirudi vyote arobaini. Jumatatu asubuhi kompyuta tatu hazikuwepo.

Jumanne, Sawasawa alikutwa kituo cha basi, ameketi, mkoba wa kompyuta mapajani, namba ya ofisi imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni. Polisi wakapiga simu ofisini, maana sheria yao inataka mtu mzima anayemjua kijana awepo anapohojiwa. Akaenda Jirani.

Alhamisi Mama Kadi alirudi kazini na pamba mdomoni. Mkuu wa kituo alimwita, akamsogezea karatasi moja mezani bila kumtazama. Akaisoma amesimama.

Swali: Je, ni afisa wako, unayemwita Shangazi, aliyefungua stoo? Jibu: Ndiyo. Swali: Ni yeye aliyekupa mkoba huu? Jibu: Ndiyo. Swali: Alikuambia umpelekee mtu? Jibu: Ndiyo. Swali: Alikukataza kusema? Jibu: Ndiyo. Maswali yote yalikuwa sita, ndiyo sita. Chini, alama ya dole gumba. Na maandishi yote, kuanzia juu mpaka chini, herufi zimesimama mstarini kama watoto wa shule.

Angekuwa polisi aliyeuliza hivyo, Mama Kadi angekasirika, kwa sababu ndivyo wanavyouliza siku zote, na hasira hiyo alishaizoea. Lakini huyu, Jirani, ambaye polisi walimwachia aulize na kuandika, alijua. Huyu aliyakata naye maboksi. Huyu alikuwa na uwezo wa kumfanya yule binti aseme chochote duniani, na ujuzi huo alifundishwa na Mama Kadi mwenyewe, bure, miaka kumi na miwili, kwa chai ya chupa moja. Aliumia. Hakuna neno lingine la kuliweka hapo. Kidonda cha jino alikisahau siku ile na hakukikumbuka tena.

"Mkuu, hii umeisoma?" aliuliza.

"Nimeisoma, mama."

"Umeona maswali yalivyoulizwa?"

Mkuu alikuna shingo. Semina ya pombe ya tumboni alikuwa amehudhuria mara tatu, na cheti kiliwekewa fremu ukutani, nyuma ya kichwa chake. "Maandishi ni maandishi," alisema. "Kaa nyumbani mpaka kamati ya nidhamu ikae. Niachie ufunguo. Na usionane na yule binti, ni shahidi."

Alionana naye. Ndilo kosa lake la kwanza, na alilifanya kwa macho makavu. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa bibi, ambako binti alikuwa amerudishwa, akamtoa Sawasawa nje, wakaanza kuizunguka nyumba. Sawasawa husimulia akitembea. Ukimkalisha kitini unamfungia na mdomo. Mama Kadi hakumuuliza kitu. Alimwambia tu, "Nisimulie siku ya mkoba," akampa kadi ya benchi na kadi ya basi, akanyamaza. Wakazunguka mara moja. Mara mbili. Binti akasimulia kuhusu paka wa jirani. Mara ya nne akasimama, akazigeuza kadi, akasema, "Yule wa viti."

Mama Kadi akangoja.

"Yule wa viti anacheka hivi." Akacheka kwa pua, kicheko ambacho Mama Kadi alishakisikia kwa mpwa wa Jirani. "Kasema, nishikie hii, nakuja. Nikamshikia. Hakuja. Amekuja?"

Ilichukua asubuhi nzima na mizunguko mingi, lakini yote yalitoka, mpaka rangi ya shati la yule kijana.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Jirani. Alimkuta uani anaanika nguo. Jirani alipomwona aliendelea kuanika shati lilelile, akilivuta huku na huku lisikunjamane.

"Ni mpwa wako," Mama Kadi alisema.

"Nilijua utajua."

"Kwa hiyo ulijua alichofanya."

"Nilijua Jumatatu mchana." Jirani alilia, lakini alilia huku anabana vibanio. "Ningefanyaje, jirani? Dada yangu aliniachia huyu mtoto akiwa na miaka mitano. Na ufunguo ni wangu. Ningesema, anafungwa yeye, nafukuzwa mimi, na nina wanne wa kusomesha."

"Ukaona unitoe mimi."

"Wewe kila mtu anakujua. Niliandika vile nikijua hakuna atakayeamini. Wataona maswali, watajua, watakuachia, na jambo litakufa lenyewe. Wewe si mtu wa kushindwa kujinasua."

Hebu fikiria. Mtu anakusukuma kisimani, kisha anakupongeza kwa kujua kuogelea. Mama Kadi alitafuta tusi la kumfaa akalikosa. Akamwambia, "Na binti?"

"Binti ni mtoto. Watamwona alitumwa na mtu mzima. Kwa kweli nimemkinga."

"Njoo useme haya mbele ya kamati."

Jirani alifuta uso kwa kitambaa cha kanga kilichokuwa bado kibichi. "Nikiulizwa," alisema, "nitasema hukufika hapa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga hawakusema ufanye nini ukishamwona, naye amekaa tu anakutazama.

Kamati ilikaa baada ya wiki mbili, saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano chenye feni iliyokuwa ikipiga kelele kuliko inavyopuliza. Mwenyekiti alikuwa mgeni kutoka makao makuu, mtu mpole, miwani imeshuka puani. Mkuu wa kituo alikaa kulia kwake. Kushoto alikaa mwandishi wa kikao, na kwa kuwa kituoni hapakuwa na mwandiko mzuri kuushinda, mwandishi alikuwa Jirani. Mama Kadi alipinga. Mgeni alimjibu kwamba mwandishi haamui, anaandika tu.

Sawasawa aliletwa na bibi yake. Bibi aliambiwa asubiri chini, kwenye ngazi. Kabla ya kushuka alimshika Mama Kadi mkono, akamwambia, "Wote wanamwona mwongo. Nakuachia wewe." Mama Kadi akamwahidi kwamba leo atasikilizwa. Alikuwa na kadi zote kwapani na aliamini alichosema.

Mgeni aliisoma ile karatasi ya ndiyo sita. Akauliza mshtakiwa ana lipi. Mama Kadi akasema angependa binti asimulie mwenyewe, kwa kadi, na aruhusiwe kutembea chumbani, na wajumbe wawe na subira.

"Mheshimiwa," mwandishi wa kikao alisema bila kuinua kichwa, "kadi hizo amezichora yeye mwenyewe. Anaweza kumwongoza shahidi kwa anachotaka. Na ipo taarifa kwamba alikwenda nyumbani kwa shahidi baada ya kukatazwa."

"Ni kweli ulikwenda?" mgeni aliuliza.

"Nilikwenda."

Mgeni alivua miwani. "Basi kadi ziwekwe chini. Muulize kwa mdomo, akiwa amekaa. Una dakika kumi, tuna shauri jingine saa tano."

Mama Kadi aliziweka kadi sakafuni. Akavuta kiti karibu na Sawasawa, akasema kwa ile sauti yake ya Jumatano, "Nisimulie siku ya mkoba."

Sawasawa alitabasamu. Akaitazama feni. Akavitazama viatu vya mkuu. Mguu wake mmoja ulianza kutikisika, ukitaka kuondoka, na mwenyewe akaushika kwa mikono miwili kwa sababu ameambiwa akae. Dakika ikapita. Mama Kadi aliujua ukimya ule. Haukuwa mtupu, ulikuwa na mtu ndani yake anatafuta njia. Dakika ya pili. Mkuu akakohoa. Mgeni akatazama saa, kwa adabu, lakini akatazama. Dakika ya tatu binti akasema, "Paka," akanyamaza tena.

Angengoja. Aliwafundisha watu zaidi ya mia mbili kungoja. Lakini jicho lake likaangukia ile kalamu ya Jirani, imesimama juu ya karatasi tupu, imetulia, haina haraka hata kidogo, ikisubiri dakika kumi ziishe. Na hasira ikampanda, hasira ya wiki mbili, ya miaka kumi na miwili, na ikampandia mahali ambapo akili yake ilipaswa kukaa. Akajua namna ya kulimaliza jambo hili kwa nusu dakika. Akajua pia kwamba hajawahi kumfanyia kijana yeyote vile.

"Sawasawa, mwanangu," alisema. "Ule mkoba, ni huyu mkuu wa kituo aliyekupa?"

Uso wa binti ukafunguka kwa nafuu. Hatimaye swali linalojibika. "Ndiyo."

"Ni mkuu aliyefungua stoo?"

"Ndiyo."

"Na huyu mgeni wetu alikuwepo, akamsaidia kubeba?"

"Ndiyo."

"Alikuwa amevaa gauni?"

"Ndiyo."

Mkuu ndiye aliyeanza kucheka. Kisha mgeni, akajaribu kujizuia, akashindwa, akafuta macho. Sawasawa naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, maana watu wakicheka yeye hucheka. Akamtazama Shangazi kuona kama naye anacheka. Jirani peke yake hakucheka. Aliacha kalamu ikaanguka, akainama kuiokota, akachelewa kuinuka.

"Mama, tumekuelewa," mgeni alisema, akiifunga faili. "Kwa kweli tumekuelewa. Taarifa hii haina thamani yoyote. Unarudi kazini Jumatatu na barua ya kukusafisha utaipata." Kisha, akiwa mtu makini, akamsomea mwandishi maneno ya kuandika: kamati imejionea kwa macho yake, maneno ya binti huyu yasichukuliwe tena kuwa ushahidi wa jambo lolote. Jirani akaandika, neno kwa neno, kwa mwandiko wake mzuri.

Mama Kadi alivuta pumzi. Alikuwa ameshinda, na alijisikia mtu anayeshinda, nitasema ukweli. Mwili ulikuwa mwepesi. Akasimama akasema, "Mheshimiwa, kabla hujafunga. Mwulizeni mwandishi wenu kuhusu mpwa wake, na viti arobaini, na ufunguo. Mpwa huyo ndiye aliyempa binti mkoba."

Mgeni akavaa miwani. "Hilo ni jambo zito. Nani amekuambia?"

"Aliniambia," Mama Kadi akaanza, na palepale akasikia anachotaka kukisema. Akamtazama Sawasawa.

"Nani, mama?"

Mgeni akafuata macho yake mpaka yalipoangukia. Hakumkejeli. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Huyu?"

Jirani alisema hajui habari ya viti. Hakuna aliyemtaka aapishwe. Mgeni alitazama saa, akasema lililobaki ni la polisi na mahakama: binti alikutwa na mali ya wizi, yuko ndani ya kifungo cha nje, hakuna mtu mzima aliyemtuma, na hana cha kujitetea kinachoweza kusikilizwa. Arudishwe kwa hakimu Jumatatu. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika.

Walipotoka ukumbini Sawasawa, aliyeziokota kadi sakafuni, alimkamata mkono, akarukaruka kidogo. "Nimejibu vizuri, Shangazi?"

Mama Kadi alitazama ngazi. Binti akarudia, kwa wasiwasi sasa, maana Shangazi hujibu siku zote. "Nimejibu vizuri?"

"Umejibu vizuri," alisema. "Mimi ndiye niliyeuliza vibaya."

"Sawasawa," alisema binti, akatulia.

Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Aliwaona wanashuka wameshikana mikono na uso ukamchangamka. "Amesikilizwa?"

Hapo Mama Kadi angeweza kusema nusu. Angesema kamati ni wabaya, angesema Jirani kamgeuka, na yote yangekuwa kweli. Alikuwa na haki ya kulia kwa alivyotendewa, wiki mbili alikuwa akilia. Lakini akakaa kwenye ngazi karibu na yule mama mzee, akamsimulia kila kitu kwa mpangilio wake, kwanza nini, halafu nini: kalamu, hasira, mkuu, mgeni, gauni, kicheko, na maneno yaliyoandikwa mwisho. Hakujipunguzia. Bibi alisikiliza bila kumkatiza.

Alipomaliza, bibi alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa akipanga vipande vya maboksi kwenye ngazi, kimoja kimoja, kwa uangalifu.

"Wewe umetoka?" bibi aliuliza.

"Nimetoka."

"Na yeye ndiye mlango uliotokea."

Mama Kadi alitikisa kichwa kukubali. Bibi akaegemea ukuta, akajiinua taratibu, akakataa mkono alionyooshewa. "Hao wa juu sikuwategemea," alisema. "Sina kinyongo nao." Akamwita mjukuu wake waondoke. Sawasawa alisimama, akaziokota kadi zote na kumkabidhi Shangazi, akamuuliza kama atapiga simu Jumatano. Mama Kadi akasema atapiga. Jumatano ilipofika alipiga, saa mbili kamili asubuhi, hakuchelewa. Simu ililia ndani ya nyumba ya bibi mpaka ikakatika.